Sindano Kumi na Mbili

Kosa litakaloonekana katika kurasa hizi ni kumhukumu mtu bila kumwuliza. Nalitaja mapema ili msomaji asidhani kwamba namwandika marehemu nimsifu tu, au kwamba nimejificha nyuma ya sifa zake. Kosa ni langu. Nilikuwa na umri wa kutosha, elimu ya kutosha na vitabu vya kutosha nyumbani kulitambua lilipokuja, na bado nililitenda, kisha nikaliita utaratibu.

Marehemu tulimwita Fundi. Jina alilopewa na wazazi wake nitaliacha, kwa kuwa mwenyewe hakupenda litajwe mbele ya kazi yake. Alisema anayetaka kumjua mshonaji asitazame upande wa mbele wa kitambaa, kwa sababu kila mtu hupendeza mbele. Akigeuze aone mafundo. Kwa hiyo nami nitajaribu kumgeuzia msomaji kitambaa aone upande wa nyuma, wa kwake na wa kwangu.

Alikaa Kihesa, mjini Iringa, katika nyumba ya matofali ya kuchoma yenye baraza pana linaloelekea mashariki. Kila Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, sisi wanawake wanane, na baadaye tisa, tulikaa kwenye mikeka ya baraza lile tukijifunza kushona kwa mkono. Yeye alikuwa Mwislamu wa ukoo wa wafanyabiashara. Sisi wengi wetu tulikuwa Walutheri na Wakatoliki, wake wa walimu, nesi mmoja mstaafu, mke wa katekista. Mimi nilikuwa mwalimu wa sekondari. Walinichagua kuwa katibu kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri, nami niliamini kwamba ni kwa sababu ya busara yangu.

Somo lake la kwanza halikubadilika miaka yote. Mwanafunzi mpya, awe na shahada au hajui kusoma, alianza na kishikio cha sufuria. Vipande vinne vya kitenge, kila kimoja upana wa kiganja, vikiunganishwa kuwa mraba. Chini yake kipande cha blanketi kuukuu. Chini kabisa kitambaa kizito cha suruali iliyochakaa. Matabaka matatu yakapigwa bandi, mishono mirefu ya muda, yasihame, kisha yakashonwa kwa mishono midogo kutoka katikati kwenda nje. Kutoka katikati, alikazia. Anayeanzia ukingoni huusukuma mkunjo mpaka katikati, na mkunjo ukifika katikati hauna tena pa kutokea. Baada ya kishikio ulishona kifuniko cha birika, baada ya birika foronya ya mto, kisha aproni, kisha blanketi dogo la mtoto mchanga. Ndipo ulipofika kwenye kile alichokiita mfarishi, na sisi tukakiita blanketi la vipande: nguo nzito ya kujifunika, yenye uso wa vipande kama shamba la bustani lililogawanywa, inayofaa baridi ya mwezi wa sita na wa saba ambayo watu wa nyanda hizi hawahitaji kuelezwa.

Mishono iliyopinda haikumtia wasiwasi. Mke wa katekista alishona mstari uliokwenda kama barabara ya Udzungwa, akamwonyesha huku ameinamisha kichwa.

"Unafika?" Fundi aliuliza.

"Unafika wapi, Fundi?"

"Huo mstari. Unafika upande wa pili?"

"Unafika."

"Basi hata aliyelewa akifika kwake, mkewe humfungulia mlango. Endelea."

Lakini mkunjo uliofichwa hakuusamehe. Kama ulikunja kitambaa kilichozidi ukakishonea chini ili kisionekane, alikupa wembe ufumue kazi yote, hata kama ilikuwa ya wiki tatu, naye akaketi kando yako akikusimulia habari nyingine kabisa mpaka umalize.

Alikuwa mtu wa mambo yasiyopatana. Alikataza umbea barazani, na mtu akianza, alimwambia amalize kwanza, ili ajue vizuri anachokikataza. Alituagiza kila mmoja anunue futi ya kupimia, na yeye mwenyewe akapima kwa shibiri maisha yake yote. Shibiri yake ilikuwa sahihi kuliko futi zetu. Alikuwa na cherehani nzuri ya kukanyaga, zawadi ya marehemu mumewe, akaifunika kwa kitambaa cha kufuma na kuweka redio juu yake. Nilipomwuliza kwa nini haitumii, alisema cherehani inakwenda haraka kuliko anavyoweza kumfikiria mtu anayemshonea. Hata hivyo sikukuu ilipokaribia na madirisha yake yakahitaji mapazia, nilimkuta anaikanyaga kwa kasi, redio ikiwa sakafuni. Hakuona haya. "Dirisha halifikiriwi, mwanangu," akasema. "Linazibwa."

Lakini lipo jambo moja ambalo hakuwahi kujipinga nalo, nalo ndilo shina la habari hii. Hakutia mkasi kwenye nguo ya mtu bila mwenyewe kuulizwa. Mabaki yaliyookotwa kwa mafundi wa sokoni hayakuwa na neno. Hayo yalikuwa hayajamvalisha mtu. Ila nguo iliyokwisha kuvaliwa, alisema, ina mwenyewe hata ikiwa imetupwa nyuma ya mlango.

Mwanzoni niliona kuwa ni mzaha. Nilileta shati la mume wangu, la mistari ya buluu, lililolala kabatini miaka minne.

"Mwenye shati yu hai?" Fundi aliuliza.

"Yu hai, Fundi. Lakini halivai kabisa."

"Amekuambia?"

"Hajaniambia, lakini naona."

"Wewe unaona kabati, Katibu. Mwulize mwenye kifua."

Nikalirudisha nyumbani nikamwuliza. Mume wangu akacheka, akasema nimpe alitazame, na kesho yake akalivaa kwenda kazini. Alilivaa mwaka mzima. Jumamosi iliyofuata nilisimulia, na nesi mstaafu akacheka hadi akachoma kidole, lakini Fundi hakucheka. Alisema tu, "Umeona? Lingelia kwenye mkasi."

Mara nyingine alikuja mzee mmoja kutoka Madibira, mkulima wa mpunga, na furushi la vitenge vya mkewe aliyefariki. Alitaka mfarishi mmoja wa kumkumbukia. Fundi akamwuliza kama mabinti wa marehemu wameulizwa. Mzee akasema yeye ndiye mume. Fundi akamkaribisha chai, akamjazia sahani ya viazi vitamu, kisha akamrudisha na furushi lake, safari yote ile. Nilikasirika kwa niaba ya mzee na nikamwambia Fundi kwamba huo ni ukatili. Baada ya mavuno mzee akarudi na mabinti watatu. Walikaa barazani wakifungua kitenge kimoja kimoja, wakakumbushana kilivaliwa wapi, wakalia, na binti mdogo akakikumbatia kimoja cha rangi ya kijani akasema hiki hapana. Mfarishi ukashonwa bila kijani. Wakati wanaondoka mzee alimshika Fundi mikono yote miwili. Mimi niliyeuita ukatili nilikuwapo, nikayaona yote hayo, nikayaandika hata kwenye daftari la kikundi. Sikujifunza. Kuandika si kujifunza, ingawa watu wa kazi yangu hupenda kudhani hivyo.

Macho yake yalianza kufifia kabla hatujagundua. Alikuwa hodari wa kuficha. Alijifanya kuwa anatupima kwa kutupa sindano na uzi, kila mmoja atunge mbele yake, akituhesabia muda. Kumbe yeye alikuwa hawezi tena kuliona tundu. Aliyemfumania ni mimi. Nilimkuta asubuhi moja anaulamba uzi na kuuelekeza kwenye sindano, anakosa, anaulamba tena, na kwenye mkeka mbele yake palikuwa na ncha nyingi za uzi zilizosokoteka kwa kulambwa.

"Usimwambie mtu," alisema bila kuinua uso. "Wakijua, watanihurumia, na mtu akikuhurumia hakuonyeshi kazi yake mbaya."

Tangu siku hiyo nikawa nawahi Jumamosi kabla ya wenzangu, na kupita tena Jumatano jioni, kumtungia sindano kumi na mbili. Nilizichomeka kwenye mto mdogo wa kitambaa aliouvaa kifundoni kama saa. Tulibuni alama pamoja: uzi mweupe ulikuwa na fundo moja mwishoni, mweusi mafundo mawili, mwekundu matatu, ili azitambue kwa kidole. Sindano kumi na mbili zilimtosha siku tatu au nne, akishona polepole. Macho yalikuwa yanaondoka lakini vidole vilikuwa vinaona, na alikuwa na amani, mradi sindano ziwepo. Bila uzi kwenye sindano alikuwa mzee anayesubiri. Nilimwahidi kwamba hazitakosekana.

Mwaka ule tukakubaliana kumshonea yeye mwenyewe mfarishi. Alikuwa ameshona ya watu wengi, na usiku wake alilala chini ya blanketi la kijivu la dukani. Kila mwanamke angeleta kipande kimoja cha nguo ya nyumbani kwake, iliyovaliwa na mtu anayempenda, mwenyewe akiwa ameulizwa. Vipande hivyo tisa vingekaa katikati, na pembeni tungejaza mabaki ya vitenge.

Mwanamke wa tisa alikuwa ndiyo kwanza amejiunga. Alikuwa akiuza pombe: wakati wa masika ulanzi, ile pombe ya mianzi yenye kufanana na maji ya mchele, na wakati wa kiangazi komoni, pombe ya mahindi. Alipita Kihesa na gudulia lake la plastiki kichwani, akawahi kilabuni, na siku moja akasimama mbele ya baraza akatutazama kwa muda mrefu. "Kamwene," akatusalimu Kihehe. Kisha akauliza kama hapa hata watu wasio na kikundi hufundishwa. Fundi akamwambia aketi. Akaanza na kishikio cha sufuria kama wengine. Alikuwa na mikono mikubwa na mishono midogo sana. Sisi tulimwita "yule wa ulanzi". Sikuliandika jina lake kwenye daftari. Niliandika "mgeni", na wiki zikapita, na sikurudi kulisahihisha.

Kipande alicholeta kilikuwa cha khaki nene, kilichokatwa kwenye mfuko wa koti la kiume, na bado kilikuwa na tundu la kifungo. Kilinuka moshi na ulanzi. Fundi alikipapasa mbele na nyuma, akauliza, "Mwenyewe ameulizwa?"

"Ameshalala, Fundi. Lakini angekubali. Alipenda watu."

Fundi akapitisha kidole kwenye tundu la kifungo. Kisha akakiweka katikati kabisa ya vile tisa. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba kitambaa kizito huvuta vyepesi na kazi ikakunjamana. "Ndiyo maana nakiweka katikati," akajibu. "Vikimzunguka vyote, hatavuta."

Baada ya mwezi Fundi alisafiri kwenda Mbeya kumwuguza dada yake, akaniachia mfarishi nipinde mapindo. Wiki hiyohiyo tukaarifiwa kwamba wageni wa wilaya wangekuja kutazama kazi za vikundi vya wanawake. Nilitandaza mfarishi kitandani kwangu nikautazama, na macho yangu hayakuona kitu kingine ila khaki ile, iliyochafuka, katikati ya kazi ambayo ingetajwa kuwa yangu. Kisha nikamfikiria mwenyewe, gudulia lake, wageni wakipanda baraza. Jumamosi ilipofika nilimngoja barabarani kabla hajafika kwa wenzake.

"Kamwene, Katibu," alisema.

"Dada, naomba tuzungumze. Fundi ni mtu wa swala. Harufu ya pombe barazani kwake si adabu."

Alishusha gudulia. "Amesema yeye?"

"Hajasema. Ana haya ya kusema."

Huo ulikuwa uongo, na nilipoutamka nilihisi kana kwamba natimiza wajibu.

"Naweza kuliacha gudulia kwa jirani," alisema. "Nije mikono mitupu."

"Harufu haiachwi kwa jirani, dada yangu."

Alinitazama bila chuki. Natamani angenitukana. "Haya," akasema. "Ila kipande changu kitabaki?"

"Kitabaki."

Akaweka kata yake ya nguo sawa kichwani, akainua gudulia, akaenda. Jumatatu nilikifumua kipande chake kwa wembe nikaweka mahali pake mraba wa kitenge kipya chenye maua ya zambarau. Wageni walikuja, wakasifu, wakapiga picha. Kile cha khaki nilikitia kwenye mkoba ili nikitupe, na sikukitupa. Baada ya muda kikawa alama ya kurasa ndani ya kamusi yangu.

Fundi aliporudi alitaka mfarishi kabla hata hajanywa maji. Aliutandaza magotini, akaupapasa kutoka katikati kwenda nje kama alivyofundisha. Vidole vyake vilisimama kwenye ule mraba wa zambarau. Wenzangu wote walikuwapo.

"Hiki sikukiweka mimi."

Nikaeleza. Nilisema habari ya uzito wa kitambaa, ya harufu, ya wageni, ya heshima ya dini yake. Niliijenga hoja yangu vizuri kama ninavyowafundisha wanafunzi, na kadiri nilivyoendelea ndivyo wenzangu walivyozidi kuinamia kazi zao.

"Katibu," alisema nilipomaliza, "mimi nina umri huu wote nasali. Mbona hukuniuliza?"

Nikaanza kuunyoosha upindo wa mfarishi.

"Na yeye, ulimwuliza?"

Nilingoja anipe wembe nifumue. Ningeshukuru. Badala yake alininyooshea mto wa kifundoni akasema, "Nitungie sindano," nami nikatunga zote kumi na mbili, na hakulitaja tena jambo lile mbele yangu.

Kabla ya mwaka kwisha nilihamishiwa Mbeya kuwa mkuu wa shule. Nilimwahidi kwamba kila likizo ningekuja. Likizo ya kwanza nilikuja, nikakuta hazungumzi sana. Ya pili nilikuwa na vikao. Baada ya hapo kosa la kwanza likazaa la pili, yaani kuahirisha, na mtoto huyo hukua haraka kuliko mama yake. Ilipita miaka sita. Mara kadhaa basi lilinipitisha Iringa nikielekea mbali zaidi, nami nikajifanya nimesinzia.

Kilichonirudisha Kihesa ni msiba wa mwalimu mwenzangu, mwezi wa nne. Baada ya mazishi miguu yangu ilinipeleka barazani, na Fundi alikuwapo, juu ya mkeka uleule, macho yake meupe kabisa sasa, anashona foronya. Nilisimama mbali kidogo. Nilichokitazama si uso wake. Nilitazama kifundo cha mkono. Mto mdogo ulijaa sindano, na kila moja ilikuwa na uzi.

"Shikamoo, Fundi."

Mkono ukasimama. "Marahaba. Katibu huyo. Unatembea kama mtu anayehesabu."

Nikaketi. Tuliulizana afya, mvua, mume wangu, lile shati. Mwishoni nikauliza swali nililokuwa nalo tangu nilipouona ule mto. "Nani anakutungia?"

"Mwanafunzi wangu. Kila asubuhi, akienda kuchukua ulanzi wake. Kumi na mbili, hazipungui."

Ndipo aliponisimulia, bila kulaumu, kama mtu anayesimulia njia ya sokoni. Nilipohamia Mbeya alivaa baibui lake, akamwomba nesi mstaafu amshike mkono, wakaenda mpaka kilabu cha pombe. Alisimama mlangoni. Walevi waliinuka, wengine wakaficha vikombe nyuma, mmoja akamwambia kwa heshima, "Bibi, umepotea, hapa si pako." Akajibu, "Sikupotea. Namtafuta mwanafunzi wangu." Yule mwanamke akatoka nje. Hakukubali kurudi Jumamosi kukaa na sisi. Lakini alipoona jinsi Fundi alivyopapasa mlango kutafuta njia, aliuliza, "Sasa nani anakutungia sindano?" Na kesho yake asubuhi akaja.

"Na mfarishi?" niliuliza. "Unakufaa baridi hii?"

Akaniambia niuchukue sandukuni. Niliukunjua. Zile zambarau hazikuwapo. Katikati palikuwa na nafasi ya mraba, blanketi la ndani likionekana, kingo zikiwa zimepindwa kwa mishono midogo sana.

"Nilizifumua," alisema. "Pale pana mwenyewe. Siwezi kulala chini ya nguo ambamo mmoja wenu ametolewa kwa nguvu. Nalala na lile la kijivu."

"Miaka sita, Fundi?"

"Baridi ni ileile kila mwaka, mwanangu. Unaizoea."

"Kwa nini mwenyewe hakukupa kipande kingine?"

Alitafuta magoti yangu kwa mkono, akayapata. "Hana kingine. Mumewe alipokufa, ndugu walikuja wakachukua kila kitu, mpaka koti. Yeye aliuwahi mfuko kwa kisu cha jikoni. Ndicho alichobaki nacho cha yule bwana, na ndicho alichonipa."

Ningejua hayo kwa swali moja, lisilozidi maneno manne. Hatimaye nikasema, "Ninacho. Kiko Mbeya, ndani ya kamusi."

Uso wake ulifunguka kwa namna ambayo sitaisahau. Hakuuliza kwa nini nilikificha. "Basi kilete," alisema. "Kilete kabla ya mwezi wa sita."

Msomaji atadhani nilikipeleka. Ningeweza kukituma kwa basi kesho yake. Vifurushi vya kila namna hupita Nyololo na Mafinga mchana kutwa na kufika salama. Lakini nilitaka kukipeleka mwenyewe, nivae vizuri, niombe radhi mbele ya wote, nionekane nimetubu kama inavyopasa. Toba yangu nayo ilitaka wageni wa wilaya. Mwezi wa tano kulikuwa na mitihani ya majaribio. Mwezi wa sita kulikuwa na ukaguzi. Kila nilipofungua kamusi khaki ile ilikuwa inanitazama kwa tundu lake la kifungo, nami nikaifunga nikasema wiki ijayo.

Mwanzoni mwa mwezi wa saba nesi mstaafu alinipigia simu. Alisema Fundi amefariki alfajiri, kifua kilimbana kwa baridi, na atazikwa baada ya swala ya adhuhuri. Nilipanda basi la kwanza. Nilipofika Kihesa wanaume walikuwa wamekwisha kurudi kutoka makaburini.

Wanawake walijaa barazani. Nilipita nyuma ya nyumba, nikamkuta mwanamke wa mikono mikubwa ameinama juu ya sufuria ya ubwabwa anaisugua kwa majivu. Aliniona, akanyoosha mgongo.

"Kamwene," alisema.

Nilikuwa nimetunga maneno ndani ya basi, saa sita nzima, na yote yalinitoka. Nilifungua mkoba nikamkabidhi kile kipande kwa mikono miwili. Alijifuta majivu kwenye kanga kabla ya kukipokea. Alikinusa. Alipitisha kidole kwenye tundu la kifungo.

"Nilikufukuza kwa uongo," nilisema. "Yeye hakusema neno lolote. Ni mimi."

"Najua. Aliniambia alipokuja kilabuni." Alikikunja kipande, akakikunjua. "Alikuwa anakisubiri. Juzi ameniuliza kama basi la Mbeya limefika."

Sitaandika nilichokihisi, kwa sababu hakina faida kwa mtu yeyote.

"Kitambaa ni chako," nilisema. "Ukitaka ukae nacho, ukae nacho. Mimi nimekuja kukuuliza tu."

Alifikiri, akitazama sufuria. Kisha akaingia ndani akatoka na mfarishi, na mto wa kifundoni ukiwa juu yake. Sindano zote kumi na mbili zilikuwa na uzi mweupe. Alikuwa amezitunga jana yake asubuhi, na Fundi hakupata kuzitumia. Tuliketi kwenye mkeka nyuma ya nyumba, mfarishi ukiwa juu ya magoti yetu sote wawili. Alikiweka kipande mahali pake, nacho kikaenea barabara. Akanipa sindano.

Nilishona upande mmoja. Katikati ya upande wa pili uzi ulikatika, na kwa kukaidi nikataka kuutunga upya mwenyewe. Nililamba uzi. Nilikosa tundu. Nililamba tena, nikakosa tena. Miwani yangu nilikuwa nimeiacha kwenye basi, na umri wangu nao umefika unakofika. Ncha ya uzi ikasokoteka kama zile nilizoziona kwenye mkeka wa Fundi zamani.

Mwenzangu aliichukua sindano kutoka vidoleni mwangu, akaielekeza kwenye mwanga, akatunga mara moja, akapiga fundo moja la uzi mweupe, akanirudishia.

"Dada," nikasema, "miaka yote hii sikuwahi kukuuliza. Jina lako nani?"

Alikuwa tayari ameshainamia upande wake, akishona kutoka katikati kwenda nje.

"Leokadia."